Watu na Mahali katika Huckleberry Finn: Kumbukumbu za Mtoto wa Hannibal

Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain iliyotoka Uingereza na Kanada Desemba 1884 na Marekani Februari 1885, inamfuata mvulana wa miaka 13 au 14 anayekimbia kipigo cha baba yake na kuteremka mto Mississippi kwa chelezo. Mwenzake safarini ni Jim, mtumwa aliyetoroka ili asiuzwe. Wengi wa watu wanaotokea humo, na sehemu nyingi chelezo kinapofunga kamba, vilitoka katika maisha ya mwandishi kabla hajatimiza miaka 26.

Jina lake halisi lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimboni Missouri, na mwaka 1839 wazazi wake wakahamia Hannibal, mji mdogo wa ukingo wa magharibi wa Mississippi. Huko alikulia hadi 1853. Alipoketi kuandika habari za Huck, kiangazi cha 1876, alikuwa na miaka 40, anaishi katika nyumba kubwa mjini Hartford, Connecticut, na mkewe ametoka katika ukoo uliopinga utumwa waziwazi. Kati ya mtoto aliyeyaona mambo na mtu mzima aliyeyakumbuka palikuwa pamepita miaka 30, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kufutwa kwa utumwa mwaka 1865. Riwaya inapata nguvu zake katika umbali huo. Mtoto aliona asielewe. Mtu mzima akarudi kuyapima yaleyale upya. Hata hivyo si kumbukumbu zote zilizomfaa sawasawa. Zile zilizomuuma zilizaa kurasa bora za kitabu, na ile tamu kuliko zote ikampotosha.

Katika riwaya, Hannibal unaitwa St. Petersburg. Ni mji uleule wa The Adventures of Tom Sawyer, kitabu cha 1876, ambamo watoto wanacheza uharamia kisiwani na kupotea pangoni. Kilima, mto na kisiwa vipo katika vitabu vyote viwili, lakini katika cha Huck mji unaonekana kutoka upande wa wasio na kitu, na kinachojitokeza kwanza ni biashara ya watu.

Missouri iliingia katika Muungano mwaka 1821 ikiwa jimbo la utumwa. Ng'ambo ya mto, umbali wa kupiga kasia tu, kulikuwa na Illinois, jimbo huru kwa jina, ambako hata hivyo mtumwa aliyetoroka angeweza kukamatwa na kurudishwa kwa malipo. Eneo la Hannibal halikuwa na mashamba makubwa ya pamba. Watumwa walifanya kazi majumbani, mazizini na katika mashamba ya familia moja moja, na weupe wa mji walipenda kujiambia kwamba utumwa wao ulikuwa mpole. Watumwa wenyewe waliishi na hofu ya kuuzwa kusini, kuteremshwa mto hadi New Orleans na kutengwa na watoto wao milele. Hofu hiyo ndiyo inayoianzisha hadithi. Jim anamsikia Bi Watson, mmiliki wake, akisema kwamba mfanyabiashara ametoa dola 800 na kwamba ni vigumu kuzikataa fedha nyingi hivyo. Hangoji kusikia mwisho wa mazungumzo.

Kumbukumbu ambazo Clemens aliziandika uzeeni zinaonyesha jinsi hali hiyo ilivyomkuza. Alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi hakuuchukia utumwa hata kidogo, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu yeyote akiulaumu. Magazeti ya mji hayakuupinga, na mimbarini watu walifundishwa kwamba Mungu ameuridhia. Baba yake, John Marshall Clemens, mwaka 1841 alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mahakama huko Palmyra lililowatia hatiani wapinga utumwa watatu, wakafungwa miaka 12 kila mmoja kwa kujaribu kuwasaidia watumwa kutoroka. Baba huyohuyo alimuuza Jennie, mwanamke aliyewalea watoto wake. Mtoto aliwaona watu kama kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, wamefungwa pamoja kwa minyororo na kulazwa barabarani wakingoja meli ya kusini, na mtu mzima akaandika kwamba hajapata kuona nyuso zenye huzuni kuliko zile. Alimwona pia mtumwa akipigwa bonge la chuma na kufa kwa kosa dogo. Mji ulimhurumia mwenye mali kwa hasara aliyoipata.

Kati ya kumbukumbu hizo, iliyo muhimu kuliko zote inamhusu kijana mtumwa aliyeitwa Sandy, aliyekodishwa nyumbani kwao. Alikuwa ametolewa mbali sana, pwani ya Maryland, akatengwa na ndugu zake wote. Kutwa nzima alikuwa akiimba, kupiga mluzi na kucheka, mpaka siku moja Samuel akaenda kwa mama yake kwa hasira kutaka anyamazishwe. Mama, Jane Clemens, alitokwa na machozi. Akamwambia kwamba kijana huyo anapoimba huenda hakumbuki, na anaponyamaza mama huogopa kwamba anakumbuka. Hatamwona mama yake tena, basi na aachwe aimbe. Jane Clemens hakuwa mpinga utumwa. Lakini maneno yake yalimfunza mwanawe kwamba sauti ya furaha inaweza kuwa imefunika jambo jingine kabisa, na bila funzo hilo Jim wa sura za mwisho mwisho za safari asingeandikika.

Huck naye ana mtu wake wa kweli. Clemens alisema wazi kwamba alimchora Tom Blankenship jinsi alivyokuwa, mtoto wa mlevi, asiyesoma, asiyeoga, asiyeshiba, na mwenye moyo mwema kuliko mvulana mwingine yeyote. Watoto wa familia zenye heshima walikatazwa kucheza naye, kwa hiyo wakamtafuta zaidi. Kilichompa Huck umbo la kimaadili, hata hivyo, kilitoka kwa kaka yake Tom, aliyeitwa Benson, au Bence. Mwaka 1847 Bence alimkuta mtumwa aliyetoroka amejificha katika kisiwa cha Sny, upande wa Illinois. Sheria ilimtaka amtoe, zawadi ya fedha ilikuwa imetangazwa, naye alikuwa maskini wa kutupwa. Badala ya kumtoa alimpelekea chakula kwa siri kwa majuma kadhaa. Baadaye wakata kuni walimgundua mtu yule, wakamfukuza hadi majini, akazama. Siku chache baadaye Samuel na wenzake walikuwa wakivua na kuzunguka mahali hapo, maiti ikaibuka mbele yao.

Mwandishi aliichukua huruma ya Bence akaiweka ndani ya mwili wa Tom. Hilo linafafanua kwa nini Huck hafanani na watoto wema wa vitabu vya wakati ule. Hana hoja dhidi ya utumwa, wala hakuna aliyempa. Anaamini kabisa kwamba kumsaidia Jim ni wizi, maana Jim ni mali ya Bi Watson, mwanamke asiyewahi kumdhuru. Kila anachokijua juu ya haki kinamwelekeza vibaya, na kinachobaki kumwongoza ni mazoea ya kukaa na mtu, kula naye na kumsikia akilia usiku.

Baba yake Huck, Pap, alipewa jina la ukoo la mlevi wa kweli wa Hannibal, Jimmy Finn. Anarudi mjini baada ya kusikia kwamba mwanawe ana dola 6,000 zinazotunzwa na Jaji Thatcher. Anamchapa kwa kosa la kujifunza kusoma, anamfungia kibandani msituni, na akilewa anatoa hotuba ya kuilaani serikali kwa sababu amemwona mtu mweusi huru, msomi, profesa wa chuo, mwenye haki ya kupiga kura kwao Ohio. Kurasa hizo zimeandikwa kwa uzito unaostahili. Pap hana shamba, hana mtumwa, hana viatu vya maana, na rangi yake ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo. Upande wa pili wa mji wako Mjane Douglas na dadake Bi Watson, wanaomvisha Huck nguo za kubana na kumfundisha Biblia. Mjane ana huruma ya kweli. Bi Watson anasali, kisha anapiga hesabu ya dola 800.

Jim alitoka mbali kidogo na mji. Kila mwaka Samuel alipelekwa kukaa kwa miezi kadhaa katika shamba la mjomba wake John Quarles, karibu na Florida. Huko aliishi Daniel, mtumwa wa makamo ambaye watoto walimwita Uncle Dan'l. Usiku watoto weusi kwa weupe walijazana jikoni kwake kusikiliza hadithi za mizimu. Clemens aliandika juu yake huko Vienna mwaka 1897 na 1898 kwa upendo usiofichika. Alikiri kwamba wao na watoto weusi walikuwa marafiki, na papo hapo si marafiki kamili, kwa kuwa rangi na hali ya maisha vilichora mstari ambao pande zote mbili ziliuona. Daniel alipewa uhuru wake mwaka 1855.

Kumbukumbu za Daniel pekee zisingetosha. Zingemleta Jim wa sura za mwanzo tu, anayeogopa wachawi na kupigwa bumbuazi na mizaha ya Tom Sawyer rafiki wa Huck, mtu wa kuchekwa kama wale wa maonyesho ya jukwaani ambako weupe walijipaka masizi. Jambo lililombadilisha mwandishi lilitokea Quarry Farm, shamba la shemeji yake huko Elmira, New York, ambako alikwenda kuandika kila kiangazi. Mpishi wa pale, Mary Ann Cord, alikuwa mama mcheshi aliyezaliwa utumwani. Jioni moja Clemens alimuuliza inakuwaje ameishi miaka mingi hivyo bila kupata shida. Akajibiwa kwa simulizi la mnada ambapo mumewe na watoto wake saba waliuzwa mmoja mmoja mbele ya macho yake, na la kukutana tena na kitinda mimba wake, Henry, akiwa askari wa jeshi la Kaskazini. Mtu yule wa Hannibal, aliyefundishwa na mama yake juu ya wimbo wa Sandy, alikuwa amekisikia kicheko cha Mary Ann Cord kwa miaka asijue kina nini ndani yake. Aliliandika simulizi hilo kwa kadiri alivyoweza kulishika katika lugha ya msimuliaji mwenyewe, na gazeti la Atlantic Monthly likalichapisha Novemba 1874. Miaka miwili baadaye, katika shamba hilohilo, alianza kuandika riwaya hii, safari hii akimwachia mtoto asiyesoma asimulie yote kwa lahaja yake.

Sauti ya Mary Ann Cord inasikika pale Jim anapomweleza Huck habari za binti yake, Elizabeth. Mtoto wa miaka minne, ametoka tu kuugua homa ya vipele, anaambiwa afunge mlango; anasimama akitabasamu. Jim anamzaba kofi. Upepo unaubamiza mlango nyuma ya mtoto, naye hashtuki. Hapo baba anagundua kwamba ugonjwa ulimwacha kiziwi. Huck hana la kusema baada ya hayo, na mwandishi hamwekei maneno.

Kama si mto, watu hawa wangebaki kila mmoja mahali pake. Clemens aliufahamu Mississippi kwa kazi. Mwaka 1857 alianza uanafunzi wa urubani chini ya Horace Bixby, na Aprili 1859 akapata leseni yake. Rubani alilazimika kushika moyoni kila mkunjo, kisiwa na fungu la mchanga kati ya St. Louis na New Orleans, kiasi cha maili 1,200, tena kwa hali mbili, mchana na gizani. Vita vilipoufunga mto mwaka 1861, kazi hiyo ikaisha. Ujuzi wake umejaa katika kitabu bila kutangazwa. Chelezo chenyewe kina futi 12 kwa upana na futi 15 au 16 kwa urefu, na ndani ya kibanda chake kumewekwa tabaka la udongo ili moto usiunguze mbao.

Mahali muhimu kuliko pote katika safari hiyo ni mji ambao hawakuufikia. Cairo, ncha ya kusini ya Illinois, ndipo mto Ohio unapoingia Mississippi. Jim na Huck walipanga kukiuza chelezo hapo na kupanda meli ya Ohio hadi majimbo huru. Usiku wa ukungu mzito wanapotezana, na asubuhi moja baadaye Huck anaona maji safi ya Ohio yakipita karibu na ukingo, na nje yake maji ya tope ya Mississippi. Rubani angejua papo hapo kwamba Cairo imebaki nyuma. Tangu hapo kila maili inampeleka Jim ndani zaidi ya nchi ya watumwa. Wahakiki wengine huliona hilo kuwa kosa la mpango: mtumwa anakimbilia vipi kusini? Lakini Clemens aliujua mto wa kusini kuliko Ohio, na pia kilicho kweli katika hadithi ni huku kutoweza kutoka. Katika ukungu huohuo ndipo Huck anapomdanganya Jim kwamba yote yalikuwa ndoto. Jim anamjibu kwa uchungu kwamba alikuwa akimlilia, na kwamba anayemfedhehesha rafiki ni takataka. Huck anachukua robo saa kujishusha na kumwomba radhi mtumwa, kisha anasema hakujuta kamwe.

Akiwa karibu na hapo Clemens aliuweka mswada kando. Aliurudia kwa vipindi, na mwaka 1882 alisafiri tena kwa meli kutoka St. Louis hadi New Orleans, akapanda hadi kaskazini na kupitia Hannibal. Mwaka uliofuata alikimaliza kitabu. Huenda safari hiyo ilimkumbusha jinsi miji ya mtoni ilivyozoea ukatili. Sura zinazofuata ukungu zina giza ambalo Tom Sawyer hakulijua. Uhasama wa akina Grangerford na Shepherdson umejengwa juu ya hadithi za koo za Darnell na Watson alizozisikia mtoni. Wanaume wanakwenda kanisani na bunduki zao, wanasikiliza mahubiri ya upendo wa kindugu, wanayasifu njiani wakirudi, na muda mfupi baadaye wanauana hadi vijana wadogo. Buck Grangerford, rika la Huck, anafia mtoni.

Mauaji ya Boggs, mlevi anayepigwa risasi na Kanali Sherburn barabarani katika mji mmoja wa Arkansas, yalitokea kwelikweli Hannibal, Januari 1845. Mfanyabiashara William Owsley alimuua mkulima Sam Smarr mchana mbele ya watu, na baadaye mahakama ikamwachia. Baba yake Clemens, akiwa hakimu wa amani, ndiye aliyechukua maelezo ya mashahidi. Samuel alikuwa na miaka 9. Jambo lililomrudia ndotoni kwa miaka lilikuwa Biblia kubwa ambayo mtu fulani, kwa nia njema, aliilaza kifuani mwa mtu anayekata roho, ikamzidishia kazi ya kupumua. Biblia hiyo imo riwayani kama ilivyokuwa.

Baada ya matapeli wawili, mmoja akijiita mfalme na mwenzake duke, kukivamia chelezo, safari inakuwa ya kuwakamua wanakijiji. Mwishowe mfalme anamuuza Jim kwa dola 40. Kiasi hicho kimetokea mapema: ni jumla ya dhahabu ambayo wawindaji wa watumwa walimwachia Huck walipodanganywa kwamba kuna ndui chelezoni. Kitatokea tena mwishoni. Katika sura ya 31, Huck, akijua Jim amefungwa, anamwandikia Bi Watson barua ya kumfichua, anahisi dhambi zake zimesafishwa, kisha anaanza kuukumbuka mto: zamu ambazo Jim alimlindia alale, furaha yake alipomwona ametoka hai katika ukungu. Anaichana barua, akiwa na hakika kwamba atakwenda motoni. Miaka kumi baada ya kitabu kutoka, Clemens alieleza katika daftari lake kwamba hapa moyo mzima unagongana na dhamiri iliyoharibiwa, na dhamiri inashindwa. Dhamiri ile ilikuwa ya Hannibal yote, pamoja na baba yake.

Kisha inakuja kumbukumbu tamu. Shamba la akina Phelps, ambako Jim amefungiwa, ni shamba la mjomba Quarles. Clemens mwenyewe alisema alilihamisha hadi Arkansas, maili 600. Alilipenda mno, na harufu zake, meza zake na shangazi wake vimejaa katika sura hizo. Ghafla Tom Sawyer anatokea, na kwa karibu sura kumi kumkomboa Jim kunageuzwa mchezo wa panya, buibui na barua za siri, wakati Tom anajua tangu mwanzo kwamba Bi Watson alifariki miezi miwili iliyopita na kumwacha Jim huru katika wosia wake. Mwisho Jim analipwa na Tom dola 40 kwa kuwa mfungwa mvumilivu. Huenda mwandishi alitaka kuonyesha uhuru wa bandia waliopewa weusi baada ya vita, na wapo wasomi wanaolitetea hilo kwa hoja nzito. Ila kurasa zenyewe zinafurahia mchezo kupita kiasi. Shamba ambalo Daniel alikuwa mali ya mtu limekumbukwa kwa macho ya mpwa wa mwenye shamba, na Jim anarudi kuwa mtu wa kuchekwa.

Maktaba ya umma ya Concord, Massachusetts, ilikiondoa kitabu Machi 1885 kwa madai kwamba lugha yake ni ya ovyo na hakifai vijana. Lawama zilizofuata katika karne ya 20 zilikuwa za namna nyingine na zina uzito zaidi: tusi la rangi linatokea zaidi ya mara 200, na mwanafunzi mweusi darasani hulisikia kila mara. Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu uwindaji Tanganyika, anaingiza mazungumzo ya kambini ambamo anaiweka riwaya hii kuwa chimbuko la fasihi yote ya kisasa ya Marekani, lakini anamshauri msomaji aishie pale Jim anapouzwa. Ralph Ellison aliandika mwaka 1958 kwamba utu wa Jim unaonekana nyuma ya kinyago cha jukwaani alichovishwa.

Mwaka 2024 Percival Everett alitoa James, riwaya inayoisimulia safari hiyo kwa kinywa cha Jim mwenyewe, mtu anayesoma na kuandika kwa siri na anayeificha lugha yake mbele ya weupe. Kitabu kilipata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani mwaka huohuo na Pulitzer mwaka 2025. Chelezo, mfalme na duke vimo. Shamba la Phelps halimo: Jim wa Everett anageuka kwenda kuwatafuta mkewe na binti yake.